Pembe Iliyokatwa ya Muzee Mugisho

Jumanne, 9 Julai 2024

Nimezima redio kwa ngumi. Kitufe kimeingia ndani, hakitoki. Shauri yake.

Yannick alikuwa hewani saa ya chakula. Ofisi nzima inasikiliza, kila mtu na sahani yake. Mtangazaji anamuuliza: hilo gitaa la pembe moja, hiyo namna ya kupiga ya Muzee Mugisho, umeitoa wapi? Naye, kwa sauti ya mseminari: "Muzee mwenyewe njo alinifundisha. Alinikamata mukono."

Alimkamata mkono! Muzee Mugisho tulimzika miaka mitano iliyopita. Yannick alifika Bukavu kutoka Uvira muda mrefu baada ya matanga, na koti moja na gitaa la kukopa. Aliyemkamata mkono ni mimi. Sebuleni kwangu, Nguba, Jumamosi baada ya Jumamosi, na chai nampa, na mandazi nampa. Nilimwekea vidole kimoja kimoja. Nilimwonyesha jinsi Muzee alivyokuwa anatoa uzi mnene wa nne na kuweka mwembamba mahali pake, ili gitaa liimbe kama ni mawili. Siri ile sikumpa mtu mwingine. Nilimpa yeye kwa sababu alikuwa anasikiliza vizuri.

Martine wa sekretarieti akaniuliza kama si huyu ndiye kijana wangu wa gitaa. Nikasema ndiye. Nikacheka.

Nitamlipiza. Naandika hapa ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nimesamehe. Sijasamehe.

Jumatano, 10 Julai

Kazini sikufanya kitu. Ripoti ya wafadhili iko palepale. Nimechora magitaa pembeni mwa karatasi, yote na pembe moja.

Muzee ndiye wa kwanza hapa mjini kupiga gitaa la pembe. Enzi zile wapigaji wote walikuwa na magitaa ya heshima, ya mviringo, rangi ya kahawia. Yeye alikuwa kijana, akaona picha kwenye jalada la santuri kutoka Kinshasa: bwana mmoja ameshika gitaa jekundu lenye pembe mbili, mbao zilizochongoka huku na huku ya shingo. Hakumjua hata jina. Wanasema alilala na jalada lile chini ya mto mpaka akapata lake, kutoka Bujumbura.

Halafu siku moja akapanda jukwaani na pembe ya chini haipo. Watu wakauliza. Akajibu: mkono wangu unataka kupanda juu, pembe ilikuwa inauzuia. Basi. Tangu siku ile hakuna mpiga solo wa kweli Bukavu mwenye pembe mbili. Papa Murhula, seremala wa Kadutu, ana kipimo cha karatoni kwenye ukuta wake — unamletea gitaa jipya kabisa, anaweka karatoni, anapiga mstari, anakata. Gitaa la kwaya ya parokia nalo lilikatwa. Padri anadhani yanatoka kiwandani vile.

Langu nililikata nikiwa bado chuoni. Mama alilia. Mimi nilisimama kando ya Papa Murhula nikisikiliza msumeno, na nilifurahi kuliko siku ya kipaimara changu. Tangu hapo halina mizani, shingo inaanguka tu. Nalibeba kwa mkono wa kushoto na bega linaniuma mwaka kwa mwaka. Sisi wote mabega yanatuuma. Tunajivunia hata hilo!

Jumamosi, 13 Julai

Repetisyo. Mazoezi ya orkestra yetu, Lulu ya Nguba.

Yannick kachelewa. Kaingia na mfuko, kauweka mezani, kaufungua polepole namna ya padri na kikombe. Ndani: gitaa jekundu, la zamani, pembe ya chini imekatwa. Akasema ni la Muzee. Kapewa na Maman Bintu, mjane wake, huko kisiwani Idjwi.

Lucie, mwimbaji wetu, akafanya ishara ya msalaba. Papa Benoît, kiongozi wa orkestra, mtu mzima na ndevu zake, akatoa machozi. Na mimi nywele zilinisimama — hilo ndilo linaloniudhi zaidi!

Papa Benoît akajifuta, akasema: konseti ya kumkumbuka Muzee, tarehe kumi na nane Agosti, Yannick atapiga solo. Laurette, yaani mimi, atasaidia kwenye akompanyema, gitaa la kusindikiza. Nimekuwa mpiga solo wa Lulu ya Nguba tangu Yannick akiwa shule ya sekondari. Nikamwuliza Papa Benoît nimekosa nini. Alikuwa anatazama waya za ampli.

"Haiko kosa yako, Laurette. Batu banataka kuona gitare ya Muzee."

Nje Yannick kanifuata mpaka barabarani. Eti yaya — dada mkubwa! — usikasirike, tuko pamoja. Nikamwambia niko sawa kabisa. Nikapanda pikipiki nikaenda zangu.

Jumatatu, 15 Julai

Nimewaza kumpaka sabuni kwenye nyuzi. Utoto. Nimewaza kumwambia Papa Benoît habari ya redio. Atasema vijana ndivyo walivyo. Hapana. Nataka ukumbi mzima. Nataka acheke mtu wa mbele na mtu wa mlangoni, na kule Uvira mama yake apigiwe simu.

Na kuna kitu hakinikai. Siku ya mazishi Maman Bintu alikataa mtu asiguse lile gitaa, hata Papa Benoît. Leo ampe mtoto wa juzi? Amelinunua mahali, huyo. Amelikata kwa Papa Murhula na kulisugua lizeeke. Maman akinambia tu "sikumupatia", nimemmaliza.

Nitakwenda Idjwi. Naomba ruhusa ofisini, nasema nina msiba. Si uongo sana.

Jumapili, 28 Julai — Idjwi

Nimefika jana na boti. Maman Bintu anaishi kwa watu wake siku hizi, analima mananasi. Nimemkuta amevaa koti la Muzee, lile la jukwaani lenye vifungo vya dhahabu, anachambua maharage. Amenikumbuka. Amesema nimekonda.

Sikuzunguka. Nikamwuliza kama ni kweli alimpa Yannick gitaa. Akasema ndiyo, alimpa. Moyo ukaanguka mpaka kwenye viatu.

Akaendelea na maharage yake. Akasema kijana alikuja na sukari na sabuni, akaenda kaburini, akalia vizuri. Basi akamwonea huruma akampa moja.

Moja? Nikamwuliza, moja kati ya ngapi?

Kumbe yalikuwa chungu nzima! Miaka yote ile vijana walikuwa wanamletea Muzee magitaa yao ya kukatwa kama zawadi. Mengine mekundu, mengine meusi. Yannick hakuuliza ni lipi. Aliona jekundu akapiga magoti. Mama akamwacha apige magoti, kwa sababu la kweli hakutaka kulitoa na kumfukuza mgeni hakutaka.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Kwa hili Yannick halindi uongo wowote, maskini, yeye mwenyewe anaamini! Analala nalo! Na ni gitaa la mtu yeyote tu. Labda la mtoto wa mtaa wa Bagira aliyelichoka.

Nikamwomba anionyeshe la kweli. Akaingia chumbani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Nikafungua. Niseme ukweli wangu hapa: niliwaza, mama huyu ananidanganya. Pembe haikukatwa. Imevunjika. Mbao imepasuka ovyo, vipande vimegandishwa na gundi, na juu yake bati la kopo la maziwa ya unga limepigiliwa misumari midogo. Macho yangu yalikuwa yanatafuta mstari wa msumeno wa Papa Murhula.

Mama alikuwa ananitazama.

"Ni miye nilivunja," akasema.

Kulikuwa na mwanamke Bagira. Muzee alirudi nyumbani saa ya misa ya kwanza, ananuka sabuni isiyo ya nyumba ile. Mama alilishika gitaa kwa shingo, akalipiga kwenye mhimili wa mlango. Pembe ikaruka mpaka uani. Alitaka na ya pili, lakini mzee akapiga magoti, si kwa kuomba msamaha, kwa kuomba gitaa.

"Nilisikia muzuri mu roho, mutoto yangu. Sitakudanganya. Nilisikia muzuri siku muzima."

Jioni ile mzee alikuwa na kazi. Akaunga alivyoweza, akafunika kwa kitambaa chekundu ambacho hakukitoa tena mbele ya watu, akapanda. Walipomwuliza pembe iko wapi, akazua ile habari ya mkono kupanda juu. Mama alikuwa amesimama palepale chini. Akanyamaza, maana aibu ilikuwa ya wote wawili. Wiki haikuisha, kijana wa kwanza akakata lake. Halafu wa pili. Mzee alitaka kuwazuia, halafu akazoea kufuatwa.

"Kila mara naona mutoto na gitare ya kukatwa," akasema, "naona mukono yangu."

Na mimi je? Bega langu! Miaka yote nabeba shingo ya gitaa kwa sababu ya sabuni ya mwanamke wa Bagira! Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu, na aliyenijia kichwani ni Yannick tena, na ile sauti yake ya mseminari.

Nikaomba anikopeshe la kweli kwa siku ya konseti. Akalifunga kwenye kitenge akaniwekea mapajani.

"Upige. Lakini ile habari iko yangu. Batoto yangu hawaijui. Batakuwa pale mbele na miye. Usiseme."

Nikaapa. Nilipokuwa naapa nilikuwa tayari natafuta maneno nitakayosema ukumbini.

Jumatatu, 29 Julai

Nimerudi. Kwenye boti nimelipakata njia nzima, watu wakadhani ni mtoto mgonjwa. Wakanipisha.

Sasa tatizo. Nikipanda nalo hivihivi, na kopo la maziwa, nani ataamini? Watatazama lile la Yannick, safi, limekatwa vizuri, watasema hilo ndilo. Langu watasema nimeliokota. Bila habari ya mlango na mwanamke, gitaa la kweli ni takataka. Na kwa habari ile, Yannick amekwisha: bandia mkononi, uongo redioni, na kila mtu atakayemwona atakumbuka alivyopigia magoti gitaa la mtoto wa Bagira.

Wote tutachekwa, najua. Na mimi. Kila mwenye pembe moja katika mji huu. Nakubali kuchekwa mradi yeye achekwe zaidi.

Jumamosi, 10 Agosti

Sikulipeleka repetisyo. Bado.

Leo Yannick alipiga ule mwanzo wa polepole, ule niliomfundisha kwa wiki nzima mpaka jirani akagonga ukuta. Wakampigia makofi. Mimi kando, chaka-chaka, akompanyema. Halafu akasimamisha wimbo, akanigeukia, mbele ya wote, kwa upole ule wake.

"Yaya, Muzee hakukuwa anaipiga vile."

Mimi! Mimi niliyekaa miguuni kwa Muzee! Nikatabasamu. Nikasema asante, nitarekebisha. Taya linaniuma mpaka sasa.

Lucie alinisubiri mlangoni akaniuliza napika nini. Nikamwambia sipiki kitu. Akasema wiki yote naimbaimba peke yangu, na tangu anijue sijawahi kuimbaimba, basi ananiogopa. Nikamnunulia muhindi wa kuchoma tukaongea mambo mengine.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa. Kanisa limejaa. Kwenye Baba Yetu, tulipofika pale pa kusamehe, nilifunga mdomo nikaendelea baadaye. Sitaki kumdanganya Mungu pia.

Gitaa la kwaya lilikuwa mbele yangu, na pembe yake moja. Mpigaji alikuwa amepindisha bega kulibeba. Nilicheka ikabidi nijifanye nakohoa, mama mmoja akanipa peremende.

Nyumbani nimesimama mbele ya kioo nikajaribu maneno. Sentensi chache tu. Nimejaribu kuyasema bila Maman Bintu ndani: "kuna mtu alilivunja kwa hasira." Lakini watauliza nani. Nikisema "mke", Muzee alikuwa na mke mmoja tu anayejulikana. Nimejaribu na nimejaribu. Hakuna njia ya kumpiga Yannick isiyopitia kwa mama yule.

Nitapita hapohapo. Atanielewa. Mtu aliyevunja gitaa kwenye mhimili wa mlango hawezi kusema hanielewi.

Jumapili, 18 Agosti

Asubuhi. Gauni la kijani. Viatu vya chini, sitaki kuanguka. Gitaa la kopo liko kwenye mfuko wake, daftari hili naliingiza humohumo.

Mchana, ukumbini. Umeme umekatika katikati ya konseti. Wametuma mtu mafuta ya jenereta. Nimekaa nyuma ya pazia juu ya sanduku la ampli, mlango wa pembeni uko wazi naona vya kutosha. Lazima niandike sasa hivi, kabla ya kupanda.

Saa ya kujaribu vyombo nilifungua mfuko. Wote walicheka. Mpiga ngoma akauliza kama lilikanyagwa na lori la mchanga. Yannick alicheka pia, akasogea. Halafu akaona shingo — pale nyuma kidole gumba cha Muzee kimekula rangi yote mpaka mbao, na mbao yenyewe imebonyea kidogo. Si mjinga, kijana huyu. Aliweka gumba lake pale, likaingia. Akaacha kucheka. Akaniuliza kwa sauti ndogo nimelitoa wapi. Nikamwambia kwa Maman Bintu. Alirudi kwenye kiti chake, akaliweka lile lake mapajani, akalitazama muda mrefu. Nilifurahi. Nilifurahi jamani, mpaka nikaona haya kidogo.

Konseti ikaanza. Alipiga nyimbo za mwanzo, na alipiga vizuri, siwezi kuandika uongo. Halafu akaomba mikro. Nikasema moyoni: haya, sema uongo wako wa redio, nipate pa kukupigia. Akasema:

"Ile nilisema ku redio haikuwa kweli. Muzee, sikumujua. Mwenye alinifundisha iko pale, yaya Laurette. Hii vidole yote ni ya kwake."

Ukumbi ukasimama! Wananipigia makofi mimi. Lucie analia. Watu nisiowajua wananinyoshea mikono. Papa Benoît akachukua mikro akasema basi sasa Laurette anapanda, solo ni yake, na kwanza atatueleza lile gitaa lake la kopo, maana wote tunataka kujua nani alilivunja. Watu wakacheka. Umeme ukaenda.

Amenifanyia nini huyu mtoto!

Ni moyo, au ni woga? Aliona lile gumba. Alijua nina cha kummalizia, akakimbia mbele yangu. Au labda ni kweli ameumia, amekesha, sijui. Na angalia: habari ya redio ameitoa, lakini la mkononi hakulitaja. Bado amelishika. Bado wanalitazama kama masalia ya mtakatifu. Anajua si lenyewe na amenyamaza. Anakaa pale kwenye kiti chake, ametulia, watu wanamwendea kumshika mkono kwa sababu amekuwa mkweli.

Nilitaka jina langu lisemwe mbele ya watu. Limesemwa. Nilitaka solo. Nimepewa. Naweza kupanda nikasema gitaa ni la zamani, lilianguka, nikapiga, tukaenda nyumbani. Makofi yale nilipokuwa nayasikia, badala ya furaha nilipata hasira. Nimelea kitu hiki tangu Julai, nimekilisha vizuri, na sasa wananiambia nikiache mlangoni. Sikitaki kukiacha. Sina tena sababu nzuri na bado nataka.

Jenereta imewaka. Taa zimerudi. Papa Benoît anaita jina langu, watu wanapiga makofi kwa mpigo.

Kuna tundu kwenye pazia, naona safu ya mbele. Maman Bintu yuko katikati, binti zake huku na huku, wajukuu mapajani mwao. Wote wanapiga makofi, yeye hapigi. Anatazama hapa hapa kwenye pazia. Sijui kama anaona jicho langu. Sasa anafungua sakoshi yake. Anatoa kitambaa cha kufutia machozi, anakikunjua, anakishika tayari kwenye mapaja yake.

Na mimi bado sijasema neno.